Jiwe la Kusagia na Bara Linalosogea: Mwongozo wa Kusoma Miamba Ukianzia Isevya

Nyuma ya jiko la bibi yangu, huko Isevya, Tabora, kulikuwa na jiwe la kusagia ambalo hakuna aliyekumbuka lilifika lini. Katikati lilikuwa na bonde, limelika kwa miaka ya mtama na uwele. Kila lilipoanza kuteleza, bibi alichukua kijiwe kigumu kinachoenea kiganjani akaligonga taratibu, tak, tak, tak, mpaka uso wake ukaparuza tena. Kazi hiyo aliiita kulitia meno. Vumbi lililoruka lilikuwa na chembe zinazometameta, nami nilizinasa kwa kidole kilicholowa mate.

Siku moja nilimuuliza jiwe lile lilitoka wapi. Hakuacha kugonga. "Limezaliwa hapa hapa, mjukuu wangu. Sisi ndio tuliokuja tukalikuta."

Miaka mingi baadaye nilikaa na vitabu vya jiolojia nikakuta jibu la bibi limesimama. Miamba iliyo chini ya Tabora ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ilikuwapo kabla ya mnyama wa kwanza kutembea nchi kavu, kabla ya Kilimanjaro, kabla ya Bahari ya Hindi kufunguka.

Mwongozo huu ni wako wewe mzazi, mwalimu, mwanafunzi au msafiri. Nasema ndani yake jambo moja: njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji, inakanyaga karibu kila ukurasa wa kisa cha mawe na mabara. Watoto wetu hukariri aina za miamba kwa ajili ya mtihani, kisha hurudi nyumbani wakiwa juu ya ushahidi wenyewe bila kuutazama. Tuanzie mlangoni, halafu tutoke.

Vitu vya kuandaa

Huhitaji maabara. Tafuta nyundo, msumari wa chuma, kipande kinene cha kioo au chupa, kioo cha kukuzia, ndimu au siki, sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu, chupa ya maji, magazeti ya kufungia mawe, daftari na penseli. Kama utavunja mawe, vaa miwani. Kijipande cha graniti kikiingia jichoni ni balaa. Kila jiwe unalookota liandikie papo hapo: mahali, tarehe, na jinsi lilivyokaa ulipolikuta. Jiwe lisilojulikana lilikotoka limepoteza nusu ya habari zake.

Hatua ya kwanza: Likague jiwe la mlangoni

Chukua kipande cha graniti, kiwe cha msingi wa nyumba, cha kokoto au cha jiwe la kusagia lililovunjika. Kimwagie maji ili rangi zitoke. Tazama kwa kioo cha kukuzia. Utaona chembe za aina tatu zilizoshikana kama wali na maharage.

Chembe nyeupe au za waridi, zenye nyuso bapa zinazorudisha mwanga, ni feldispa. Za kijivu, zinazofanana na kioo kilichopasuka, ni kwatzi. Nyeusi au za kahawia zinazong'aa na kubambuka vipande vyembamba ni ulanga. Hizo ndizo nilizokuwa nikizinasa kwa mate.

Sasa kwaruza kila aina kwa msumari. Ulanga utachanika. Kwatzi haitashtuka; badala yake msumari utaacha mstari wa chuma juu yake. Kisha chukua kwatzi hiyo ukwaruze kioo cha chupa. Kioo kitaumia. Hapo umeshapima ugumu kwa njia ileile wanayoanza nayo wanajiolojia.

Swali linalofuata ni hili: kwa nini chembe za graniti ni kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho? Jibu lipate kwa chumvi, ikiwezekana ile ya Uvinza. Yeyusha chumvi katika maji ya moto mpaka maji yagome kuyeyusha zaidi. Nusu ichemshe jikoni mpaka ikauke; utabaki na unga. Nusu nyingine iweke kwenye glasi kivulini, ufunike kwa kitambaa chepesi, usiitikise kwa wiki moja au mbili. Chini ya glasi zitaota fuwele zenye pembe nne, kubwa na safi. Fuwele hutaka muda.

Graniti nayo ni hivyo. Ilikuwa uji wa moto ndani kabisa ya ganda la dunia, kilometa nyingi chini, ikapoa polepole mno huku fuwele zikikua. Lava inayomwagika juu ya ardhi hupoa upesi, na chembe zake huwa ndogo sana. Kwa hiyo kila unapoona graniti ya Tabora iko juu kwenye jua, jua kwamba mzigo mzito wa miamba iliyokuwa juu yake umekwisha kuondolewa. Mzigo huo ulikwenda wapi?

Hatua ya pili: Yafuate maji ya mvua

Panda jabali lolote la karibu, yale mawe makubwa ya mviringo yaliyopandana. Tazama ubavuni. Jiwe linabambuka maganda kama kitunguu. Jua la mchana hulitanua, ubaridi wa usiku hulisinyaza, maji ya mvua huingia kwenye nyufa na kuigeuza feldispa kidogo kidogo.

Shuka sasa na mteremko. Chini ya jabali utakuta mchanga mweupe wenye punje kali. Ndugu zetu Wasukuma huita udongo wa kichanga wa miteremko luseni. Huo ni kwatzi, ile iliyogoma kukwaruzwa. Mvua nayo imeshindwa kuivunja. Endelea kushuka mpaka mbugani panapolimwa mpunga. Udongo ni mweusi, unanata wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Huko ndiko kunakokusanyika ufinyanzi laini na yale maji yaliyoyeyusha jiwe huko juu. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, aliutazama mpangilio huu wa Afrika Mashariki kutoka kilimani hadi mbugani, na mwaka 1935 akaupa jina katika sayansi: mnyororo wa udongo. Dunia nzima inalitumia hadi leo.

Ukiwa kwenye mfereji uliokauka baada ya mvua, fanya jambo moja zaidi. Funga sumaku kwa nailoni, uipitishe juu ya mchanga mkavu. Chembe nyeusi zitarukia nailoni. Fungua nailoni juu ya karatasi, zitadondoka zote. Ni madini ya chuma yaliyokuwa ndani ya graniti. Ziweke kwenye kichupa. Tutazihitaji tutakapofika baharini.

Mito ya nyanda za Tabora, kama Igombe na Ugalla, huingia Malagarasi, na Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika. Mchanga wa mlima hutulia ziwani tabaka juu ya tabaka, na chini ya maji yake mashapo hayo yana unene wa kilometa kadhaa. Maji yenyewe hutokea upande wa pili kwa mto Lukuga, yakafika Kongo na mwisho Atlantiki. Tone la mvua ya Tabora linaweza kuvuka sehemu kubwa ya bara. Punje ya jiwe la bibi inaweza kuanza safari hiyohiyo, ila yenyewe itabaki njiani na siku moja kuwa sehemu ya jiwe jipya.

Hatua ya tatu: Mtembelee fundi wa matofali

Hapa ndipo mtoto anapoelewa mzunguko wa miamba bila kukariri. Nenda kwenye tanuri la matofali ya kuchoma. Msalimie fundi, umwambie umekuja kujifunza, umwombe matofali matatu.

La kwanza ni bichi, lililokauka kwa jua. Litie majini, litarudi kuwa tope. La pili limechomwa likaiva. Litie majini hata wiki nzima, litabaki tofali. Halikuyeyuka ndani ya tanuri. Moto umelibadilisha likiwa gumu vilevile. La tatu muombe kutoka mdomo wa tanuri, palipozidi moto. Mara nyingi mafundi huyatupa hayo: yamevimba, yameshikana mawili matatu, na uso wake unang'aa kama chupa. Hilo liliyeyuka, likapoa.

Yapange chini kwa safu. Tope lililotulia na kukauka linakupa picha ya miamba tabaka. Tofali lililoiva bila kuyeyuka linakupa picha ya miamba geuzi. Tofali lililoyeyuka likapoa linakupa picha ya miamba ya moto. Kisha yaponde yote matatu kwa nyundo, uyamwagie maji: yanakuwa mchanga na vumbi, tayari kuanza upya. Duniani kazi hiyo huchukua mamilioni ya miaka, na tanuri ni joto na uzito wa ndani ya ardhi.

Ukiokota jiwe usilolijua, lipitishe kwenye maswali haya:

1. Je, lina fuwele zilizoshonana bila mpangilio wa mistari? Huenda ni la moto, kama graniti ya Tabora.
2. Je, lina punje za mviringo zilizogandishwa pamoja, au tabaka, au vipande vya kombe? Huenda ni jiwe tabaka.
3. Je, fuwele zake zimejipanga kwa mistari myeupe na myeusi, iliyopinda kama mkeka uliokunjwa? Huenda ni geuzi.
4. Likwaruze upate unga, udondoshee ndimu au siki. Likitoa povu, lina chokaa. Ili macho yako yazoee, jaribu kwanza kwa ganda la yai lililopondwa. Nalo litatoa povu.

Hatua ya nne: Isome njia ya misafara

Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, wakifuata njia ambayo wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakiijua kwa miguu yao. Leo Reli ya Kati inafuata karibu mkondo uleule; kutoka Dar es Salaam hadi Tabora ni takriban kilometa 840. Ukisafiri kwa treni mchana, kaa dirishani na daftari lako.

Kabla ya kupanda treni, anza Bagamoyo, kwenye kuta za magofu ya Kaole. Mawe yake ni matumbawe, yaani mifupa ya viumbe vya baharini iliyogeuka jiwe. Tazama kwa macho utaona vijishimo vya viumbe wadogo wa bahari na vipande vya kombe. Usichukue jiwe la gofu wala usilidondoshee ndimu. Okota kipande kilicholala ufukweni ujaribu hicho. Povu litatoka. Huo ni mwamba tabaka ulioumbwa na uhai.

Ukiingia Usagara, kuelekea Kilosa na Mpwapwa, mawe yanabadilika. Hapa kuna mistari, mikunjo, na mawe yaliyopindwa kama nguo iliyokamuliwa. Ni miamba geuzi. Wapagazi walipapanda kwa taabu. Mikunjo hiyo ina sababu: hapa mabara yaligongana. Katika miamba ya Usagara wanajiolojia walieleza mwaka 1995 mawe ya miaka bilioni 2 ambayo hutokea pale sakafu ya bahari inaposukumwa chini sana ya ardhi. Baadaye, kati ya miaka milioni 650 na 500 iliyopita, vipande vikubwa vya nchi viligongana tena, vikainua safu ya milima kutoka Msumbiji hadi kaskazini mwa Afrika Mashariki na kuendelea. Milima yenyewe imelika. Mizizi yake ndiyo hii tunayoiona. Tanzanaiti ya Mirerani, iliyogunduliwa mwaka 1967, ilipikwa katika mshituko huohuo.

Baada ya Dodoma unapita bonde la Bahi, kisha treni inakwea ukuta wa Saranda kuelekea Manyoni. Tulia hapo utazame. Ukuta huo ni ukingo wa Bonde la Ufa la mashariki. Misafara ilikwea Kilimatinde, jirani na hapo, ndipo ikakabiliana na pori la Mgunda Mkali. Ukishafika juu, nchi inatandaa: graniti, mchanga, mbuga, graniti tena, mpaka Tabora.

Magharibi ya Tabora njia inafuata Malagarasi. Karibu na Uvinza na Kigoma utakutana na mawe mchanga ya zamani sana, magumu, yenye tabaka, yaliyotulia juu ya ile miamba mikongwe. Uvinza kuna chemchemi za maji ya chumvi zilizolisha biashara kwa karne nyingi. Halafu ardhi inakatika ghafla na Ziwa Tanganyika linatokea: kina chake kinafika mita 1,470, la pili kwa kina duniani. Ziwa hilo ni ufa uliojaa maji. Hapo umelifikia Bonde la Ufa la magharibi.

Angalia sasa ramani yako. Wapagazi walikuwa wakipanda ukuta wa ufa mmoja na kushukia kwenye ufa wa pili, na Tabora ikiwa kituo cha mapumziko katikati. Ufa umezunguka pande zote mbili kwa sababu mwamba wa kati ni mkongwe na mgumu, una mzizi mnene na wa baridi unaoshuka kilometa nyingi chini. Ardhi ilipotaka kupasuka ilitafuta palipo dhaifu, kwenye mishono ya zamani, ikauacha mwamba wa Unyanyembe, yaani nchi ya Tabora, salama. Mzizi huohuo ndio unaotunza almasi. Mwadui, alikozigundua John Williamson mwaka 1940, pako juu ya mwamba huu.

Tena katika mkoa wa Tabora, upande wa magharibi, kuna vilima vitatu vidogo viitwavyo Igwisi. Kwa mpita njia ni vilima tu. Kwa mwanajiolojia ni hazina: ni volkano za kimbalaiti, mwamba unaopanda kutoka kina cha zaidi ya kilometa 100, na zililipuka takriban miaka 12,000 iliyopita. Hakuna kimbalaiti changa kuliko hizo inayojulikana duniani. Nchi hii tunayoiona imelala ina pumzi bado.

Hatua ya tano: Kusanya ushahidi kama mzee wa baraza

Mtoto akikuuliza, "Tunajuaje kwamba mabara yalisogea, na hakuna aliyeona?" usimjibu kwa "ndivyo kitabu kinavyosema". Mwite aketi, uwaite mashahidi mmoja mmoja.

*Shahidi wa kwanza ni ramani.* Chora Afrika na Amerika ya Kusini kwenye boksi gumu, uzikate kwa mkasi, uzisogeze. Bega la Brazili litaingia kwenye kwapa la Afrika Magharibi. Zitakaa vizuri zaidi ukifuata ukingo wa kina kifupi cha bahari kuliko mstari wa pwani, kwa sababu pwani hupanda na kushuka na maji.

*Shahidi wa pili ni mifupa na majani.* Mesosaurus, mtambaazi mdogo wa majini, amepatikana Amerika ya Kusini na kusini mwa Afrika tu. Hakuwa na uwezo wa kuivuka Atlantiki. Katika bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania, kuna mifupa ya wanyama wa kale ambao jamaa zao wamepatikana Afrika Kusini, India na hata Antaktika. Vilevile majani ya mmea uitwao Glossopteris yamechapwa kwenye miamba ya Afrika, India, Australia, Amerika ya Kusini na Antaktika.

Hapa kuna mwaka wa kukumbuka. Mwaka 1912 reli ilifika Tabora. Tarehe 6 Januari mwaka huohuo, huko Frankfurt, Alfred Wegener alisimama mbele ya wenzake na kusema kwamba mabara yalikuwa kitu kimoja yakaachana. Na mwezi Machi, kapteni Scott, msafiri Mwingereza, na wenzake wawili wa mwisho walikufa kwa baridi wakirudi kutoka Ncha ya Kusini. Ndani ya mzigo wao yalikutwa mawe ya kilo 16 hivi, karibu frasila moja, yenye alama za majani ya Glossopteris. Walichoka, walipungukiwa chakula, lakini mawe hawakuyatupa. Sisi tuliotoka kwa wapagazi waliotembea na frasila mbili begani, tunaelewa maana ya kutoutua mzigo ule.

*Shahidi wa tatu ni milima iliyokatwa.* Alexander du Toit wa Afrika Kusini alikwenda Amerika ya Kusini, akayalinganisha mawe tabaka kwa tabaka na ya kwao, na mwaka 1927 akachapisha aliyoyaona: kisa kilichoanza bara moja kinaendelea bara la pili kama sentensi iliyopasuliwa na ukurasa.

*Shahidi wa nne ni zile chembe nyeusi kwenye kichupa chako.* Katikati ya Atlantiki kuna safu ya milima chini ya maji, ambapo lava mpya hutoka na kuganda. Lava ikipoa, madini yake ya chuma hushika uelekeo wa sumaku ya dunia wa wakati ule na kuutunza. Sumaku ya dunia imekuwa ikipinduka, kaskazini ikawa kusini, mara nyingi. Wataalamu walipopima sakafu ya bahari walikuta mistari inayolingana pande zote mbili za ile safu, kama pindo mbili za khanga moja. Wanajiolojia Vine na Matthews waliieleza maana yake mwaka 1963: sakafu ya bahari huzaliwa katikati na kusukumwa pande mbili. Ndiyo maana karibu sakafu yote ya bahari ina umri usiofika miaka milioni 200, ilhali jiwe la Isevya lina zaidi ya bilioni 2.5. Bahari ni changa. Bara ndilo kongwe.

*Shahidi wa tano ni kipimo cha leo.* Vipokezi vya setilaiti vilivyofungwa kwenye miamba hupima mwendo mwaka hadi mwaka. Afrika na Amerika ya Kusini huachana kwa takriban sentimita 3 kwa mwaka, mwendo wa kucha kukua. Nyufa zetu hufunguka kwa milimita chache tu. Hata kipande cha Tabora na Mwanza, kilichokaa kati ya nyufa mbili, huzunguka polepole mno kinyume cha saa.

Wegener alikufa Greenland mwaka 1930 akiwa bado anapingwa, kwa kuwa hakuweza kueleza ni nguvu gani inayosukuma bara zima. Aliyetoa njia ni Arthur Holmes, Mwingereza aliyefika Msumbiji mwaka 1911 kutafuta madini na kuugua malaria. Baadaye alieleza kwamba joto la ndani ya dunia hulifanya tabaka la chini ya ganda lizunguke polepole, kama uji mzito jikoni: unapanda katikati, unasambaa, unashuka pembeni. Mwaka 1951 ni yeye pia aliyeupa ule ukanda wa mawe yaliyokunjwa jina la Ukanda wa Msumbiji.

Hatua ya sita: Piga hesabu

Mpe mtoto penseli. Kutoka 1857, walipofika Burton na Speke, hadi 2025 ni miaka 168. Kwa sentimita 3 kwa mwaka, Atlantiki imepanuka kwa sentimita 504, yaani mita 5 na kidogo. Ukikadiria ufa wa Tanganyika kwa milimita 2 kwa mwaka, umefunguka kwa sentimita 34 hivi, kama urefu wa rula na kidogo.

Zidisha sasa. Sentimita 3 kwa mwaka ni kilometa 30 kwa miaka milioni 1. Kwa miaka milioni 130 ni kilometa 3,900, na hapo tayari unazungumzia bahari. Haba na haba hujaza kibaba. Hapa kibaba ni Atlantiki.

Mwambie pia kwamba ufa haufunguki kimya kila siku. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko la ukubwa wa 7.4 lilitikisa eneo la Rukwa. Tarehe 5 Desemba 2005 lilipiga la 6.8 Ziwa Tanganyika. Mwendo ni mdogo, lakini nguvu ikikusanyika, nyumba za watu huanguka.

Mambo ya kuchunga

Omba ruhusa kwa serikali ya mtaa au kijiji kabla ya kuvunja jiwe lolote. Vilima vingine ni vya matambiko, viheshimu. Usiingie shimo la wachimbaji lililoachwa. Ukiinua jiwe, liinue kuelekea kwako ukiwa umesimama nyuma yake, mwanya uelekee mbali nawe, maana nyoka hupenda kivuli kuliko sisi. Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, na kwenye magofu yote, nyundo ibaki begani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda maeneo hayo pamoja na visukuku. Kuokota kijiwe cha kujifunzia si kuchimba, lakini ukitaka kutafuta madini ya kuuza, leseni ni ya Tume ya Madini. Na ukihitaji ramani ya jiolojia ya eneo lako, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, iliyoko Dodoma, ndiyo yenye kazi hiyo.

Walimu nawaomba hasa: kila shule ya Tabora inaweza kuwa na rafu moja ya mawe. Graniti ya hapa, jiwe lenye mistari kutoka Mpwapwa, jiwe mchanga la Kigoma, tumbawe la ufukweni Bagamoyo, na matofali matatu ya fundi. Jamaa wanaosafiri watayaleta wakiombwa. Gharama yake ni karatasi za kuandikia majina.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, mpe mtoto msumari na kipande cha graniti umwambie akikwaruze. Swali la kwanza litatoka kwake mwenyewe, nawe sasa una pa kuanzia kumjibu.